Kutoka Jina hadi Nambari: Historia Fupi ya Vitambulisho vya Dutu za Kikemia

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwalimu mmoja wa kemia alituomba tumsaidie kupanga upya ghala la maabara ya shule yake. Kemia aliijua yeye. Sisi tuliitwa kwa kuwa chupa nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa lugha asizozisoma. Katika rafu tatu mbalimbali tulikuta chupa tatu. Ya kwanza iliandikwa kwa Kifaransa, acide sulfurique. Ya pili kwa Kijerumani, Schwefelsäure. Ya tatu kwa Kichina, maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Mtunza ghala alikuwa amezitenganisha akidhani kwamba ni dawa tatu. Ile ya Kichina aliiweka kando ya kopo la klorati ya potasi, na asidi hiyo haina jirani mbaya kuliko huyo. Lakini chini ya maandishi ya kila chupa palikuwa na nambari moja: 7664-93-9. Kwa nambari hiyo tulitambua kwamba chupa zote tatu zilikuwa za asidi ya salfuriki, ambayo wengi huiita tindikali, na ile ya tatu ikahamishwa siku hiyohiyo.

Tangu siku ile swali limekuwa likitusumbua. Nambari hiyo ilitolewa na nani, lini, na kwa utaratibu gani? Na sisi tunaoshughulika na lugha, tuseme nini tunapoona sayansi, baada ya kujivunia majina yake kwa karne mbili, inayaacha kando na kushika nambari?

Makala haya yana nia tatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya majina ya dutu za kikemia na sababu zilizoyafanya yashindwe. Pili, kueleza jinsi nambari rasmi zinavyotolewa, na tofauti iliyopo baina ya aina zake kuu. Tatu, kuonyesha wajibu unaoiangukia lugha ya Kiswahili mahali ambapo nambari inakoma. Jambo la tatu ndilo lililotusukuma kuandika. Mara nyingi tunasikia katika vitivo vyetu kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi kwa sababu hakina majina ya kutosha. Historia itatuonyesha kwamba majina yalikwisha hata katika lugha zilizokuwa tajiri wa majina.

2. Enzi ya majina: 1787 hadi 1919

Hadi karibu mwisho wa karne ya 18, dutu ziliitwa kwa rangi yake, mahali zilikotoka, mtu aliyezipata au sura yake machoni. Asidi tuliyoitaja iliitwa mafuta ya vitrioli, ingawa haina uhusiano wowote na mafuta. Jina halikueleza kitu kilichomo. Mwanafunzi alilazimika kukariri majina mamoja mamoja, kama mgeni anavyokariri majina ya watu wa ukoo asioujua.

Mwaka 1787 Wafaransa wanne, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy, walitoa mjini Paris kitabu cha utaratibu mpya wa kuita vitu vya kemia. Kanuni yao ilikuwa moja: jina lieleze dutu imeundwa kwa vitu gani. Kwa jicho la mwanaisimu, kazi yao ilikuwa ya mofolojia. Walichukua mzizi, yaani jina la elementi, wakaupa viambishi tamati vyenye maana thabiti. Asidi yenye oksijeni nyingi zaidi ikapewa kiambishi kimoja, na yenye oksijeni pungufu kingine. Chumvi zake nazo zikafuata mpango huohuo. Ndiyo sababu hadi leo tunatofautisha salfati na salfiti kwa irabu moja tu. Atakayeshangaa kwamba irabu moja inaweza kubeba tofauti ya vitu viwili akumbuke kwamba katika sarufi yetu wenyewe kiambishi kimoja ndicho kinachotenganisha mtu na utu, au mti na kijiti.

Utaratibu huo ulifaa sana kwa madini na chumvi. Ulikwama ulipofika kwenye misombo ya kaboni. Atomu za kaboni hushikana zenyewe kwa zenyewe katika minyororo na pete, na elementi zilezile chache huzaa misombo isiyo na idadi. Mwaka 1861 August Kekulé alionyesha katika kitabu chake fomula kumi na tisa zilizokuwa zikitumika na wakemia mbalimbali kuandika asidi moja tu, ile iliyomo katika siki. Mwaka uliotangulia, 1860, wakemia wa Ulaya walikuwa wamekutana Karlsruhe ili wapatane juu ya maana ya atomu na molekuli. Mwaka 1892 wengine wakakutana Geneva, wakaweka kanuni za kwanza za kimataifa za kuita misombo ya kaboni. Mwaka mmoja kabla ya mkutano huo, Ferdinand de Saussure alikuwa amerudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha mji huohuo. Huyo ndiye aliyewafundisha baadaye wanafunzi wake kwamba uhusiano wa neno na kitu ni wa kinasibu. Wakemia wa 1892 walikuwa wanajaribu kufanya kinyume, yaani kuunda majina yasiyo na unasibu hata kidogo. Kazi hiyo iliendelezwa na Umoja wa Kimataifa wa Kemia, ujulikanao kwa kifupi IUPAC, ulioanzishwa mwaka 1919, na inaendelea hadi leo.

3. Kwa nini majina hayakutosha

Majina hayo ya kitaalamu ni sahihi, lakini yana kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni urefu. Jina linaloeleza kila atomu na kila kiungo cha molekuli kubwa linaweza kujaza mistari kadhaa. Daktari hawezi kulitamka mbele ya kitanda cha mgonjwa.

Ya pili ni wingi wa majina kwa kitu kimoja. Dawa ya maumivu ya kichwa inayojulikana na kila mtu kwa jina la aspirini huitwa na wakemia asidi asetilisalisiliki. Ina pia jina la utaratibu wa IUPAC, na majina mengi ya kibiashara. Mtu anayetafuta kila kilichoandikwa juu yake atafute kwa jina lipi?

Ya tatu ndiyo ya hatari zaidi: majina yanayokaribiana mno. Ethanoli ni kileo kilichomo katika pombe. Methanoli ni sumu inayopofusha macho na kuua. Tofauti ni kuongezeka kwa sauti moja mwanzoni mwa neno. Kinini na kinidini, zote mbili zitokazo katika magamba ya mti wa sinkona, mti unaojulikana vizuri na wakulima wa Kivu, zina atomu zilezile kwa idadi ileile, ila zimepangwa tofauti katika nafasi. Ya kwanza ni dawa ya malaria. Ya pili imetumiwa hasa kutuliza mapigo ya moyo. Silabi moja ndiyo inayozitenganisha, na mwandiko mbaya wa muuguzi unaweza kuimeza.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie fomula? Nayo haitoshi. C2H6O ni fomula ya ethanoli, lakini pia ni fomula ya etha ya dimethili, ambayo ni gesi. Fomula inahesabu atomu. Haisemi zimeshikana vipi.

4. Columbus: rejesta ya 1965

Mwaka 1907 Chama cha Wakemia wa Marekani kilianzisha jarida la muhtasari wa maandishi yote ya kemia duniani, Chemical Abstracts, chini ya William A. Noyes. Mwaka huo wa kwanza lilitoa muhtasari wapatao 12,000. Mwaka 1909 ofisi yake ilihamia Columbus, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, na mji huo umebaki makao yake. E. J. Crane alilihariri toka 1915 hadi 1958. Kazi ngumu haikuwa kuandika muhtasari. Ilikuwa kutengeneza faharasa. Kila msombo ulipotajwa katika makala, ilibidi mtu mwenye ujuzi akae, auandikie jina la utaratibu, kisha atazame kama umekwisha kuandikwa miaka iliyopita. Msombo uleule ukirudi mara mia, kazi ileile ilifanywa mara mia. Baada ya Vita Kuu ya Pili maandishi ya kemia yaliongezeka kiasi kwamba njia hiyo haikuwezekana tena.

Jibu lilipatikana kwa msaada wa kompyuta na fedha za Serikali ya Marekani. Mwaka 1965 rejesta ya dutu za kikemia ilifunguliwa, na mwaka huohuo Harry L. Morgan alichapisha njia iliyoifanya iwezekane. Tuieleze kwa mfano. Chukua kijiji chenye nyumba na njia. Mgeni mmoja anakichora akisimama mtoni, mwingine akisimama sokoni. Ramani zao hazifanani machoni, ila nyumba ni zilezile na njia ni zilezile. Kompyuta itajuaje kwamba ni kijiji kimoja? Inahesabu kwanza kila nyumba ina njia ngapi, na kuipa hesabu hiyo. Kisha inaipa kila nyumba hesabu mpya, ambayo ni jumla ya hesabu za jirani zake. Inarudia hivyo mpaka nyumba zimetofautishwa kadiri inavyowezekana. Halafu inaanza kuzipanga kutoka nyumba yenye hesabu kubwa kuliko zote. Ramani zote mbili zitatoa orodha moja. Nyumba hapa ni atomu, na njia ni viungo vyake.

Basi utaratibu ni huu. Mkemia anachapisha makala au anapata hataza. Mfanyakazi wa Columbus anaisoma na kuingiza muundo wa dutu. Kompyuta inaulinganisha na miundo yote iliyokwisha kuandikishwa. Ikiukuta, inarudisha nambari ya zamani. Isipoukuta, inatoa nambari inayofuata katika foleni. Kampuni au ofisi inaweza pia kuomba nambari kwa kulipa ada. Tendo hilo linafanana na la mwandishi wa ofisi ya raia anayeandikisha watoto: haangalii ukoo wala tabia ya mtoto, anatazama kama amekwisha kuandikwa, na kama bado, anafungua mstari mpya.

5. Namna nambari ilivyoundwa

Nambari ya Columbus ina sehemu tatu zinazotenganishwa na vistari. Sehemu ya kwanza ina tarakimu mbili hadi saba, ya pili ina mbili, ya tatu ina moja tu. Hiyo ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi. Tuchukue maji, 7732-18-5. Tukianza kulia, bila kuhesabu ile ya mwisho, tunazidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, na kuendelea: 8×1, 1×2, 2×3, 3×4, 7×5, 7×6. Jumla ni 105. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo ni 5, nayo ndiyo tunayoikuta mwishoni mwa nambari. Karani akigeuza tarakimu mbili jirani na kuandika 7723-18-5, jumla itakuwa 104, na kosa litajulikana papo hapo. Hakuna jina la lugha yoyote lenye kinga ya namna hiyo. Anayeandika kinini akikusudia kinidini haonywi na neno lenyewe.

Zaidi ya ukaguzi huo, nambari haina maana ya kikemia. Formaldehidi, ambayo hutumiwa kuhifadhi maiti, ni 50-00-0. Aspirini ni 50-78-2. Thalidomidi, dawa iliyoondolewa katika masoko mengi mwaka 1961 baada ya kuonekana kwamba inalemaza watoto tumboni, ni 50-35-1. Tatu hizi ni majirani katika rejesta, wala si ndugu katika kemia. Huo ndio unasibu wa ishara aliousema de Saussure, ila umekamilika kuliko katika neno lolote la lugha za watu: hapa hapana mzizi, hapana kiambishi, hapana historia ya sauti.

Yapo mambo manne yanayostahili kukumbukwa. La kwanza: nambari hutofautisha kwa makini. Kobalti ikiwa metali ni 7440-48-4. Hidroksidi ya kobalti, ambayo ndiyo sura inayosafirishwa sana kutoka viwanda vya Lualaba na Katanga ya Juu, ni 21041-93-0. La pili: vitu visivyo na muundo mmoja navyo huandikishwa. Hata mawese yetu yana nambari, 8002-75-3. La tatu: ikigunduliwa kwamba kitu kimoja kilipewa nambari mbili, moja hufutwa, lakini haitupwi wala haipewi kitu kingine, huwekwa kama kielekezo cha ile iliyobaki. La nne, ambalo hueleweka vibaya mara nyingi: nambari si kibali. Haisemi kwamba dutu ni salama, wala kwamba serikali fulani imeiruhusu. Inasema tu kwamba dutu imetambuliwa. Mfanyabiashara anayemwonyesha mteja nambari hiyo kama uthibitisho wa ubora anamdanganya, hata kama amejidanganya mwenyewe kwanza.

Dutu ya milioni 50 iliandikishwa mwaka 2009, ya milioni 100 mwaka 2015, na leo zimepita milioni 200. Hakuna lugha yenye kamusi ya ukubwa huo.

6. Geneva: nambari za barabarani

Rejesta ya Columbus ni ya wasomi na maktaba. Zima moto na polisi wa barabarani wana haja nyingine. Hawaulizi molekuli imeundwaje. Wanauliza kama kitu kitawaka, kitalipuka, kitachoma au kitatia sumu. Kwa ajili hiyo Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa lilianzisha mwaka 1953 kamati ya wataalamu wa usafirishaji wa vitu vya hatari, na mapendekezo yake ya kwanza yakatoka mwaka 1956. Kamati hiyo hutoa nambari za tarakimu nne. Petroli ni 1203, mazuti ya magari ni 1202, klorini ni 1017. Nambari za vilipuzi huanza na sifuri.

Hapa nambari haitolewi na kompyuta bali na mkutano. Serikali au jumuiya ya wenye viwanda huleta pendekezo pamoja na matokeo ya vipimo. Kamati ndogo huketi Geneva mara mbili kwa mwaka kulijadili. Na kila baada ya miaka miwili kitabu cha kanuni hutolewa upya.

Aina hizi mbili za nambari hazikati ulimwengu sawasawa. Peroksidi ya hidrojeni ina nambari moja ya Columbus, 7722-84-1. Geneva huipa nambari tatu kadiri ilivyochanganywa na maji: 2984 ikiwa dhaifu, 2014 ikiwa ya kati, 2015 ikizidi asilimia 60. Asidi ya salfuriki yenye nguvu zaidi ya asilimia 51 ni 1830. Ikiwa chini ya hapo ni 2796. Kinyume chake, 1993 hukusanya pamoja vimiminika vingi viwakavyo ambavyo havina nambari yake mahususi. Mwanaisimu halioni jambo hili kuwa geni. Wapo watu wenye neno moja kwa mpunga, mchele na wali, na wapo wenye matatu, kila mmoja kwa kadiri ya haja yake. Columbus hugawa kwa muundo, Geneva kwa hatari.

Mapatano ya Ulaya juu ya usafirishaji wa vitu vya hatari barabarani, yaliyotiwa sahihi Geneva mwaka 1957 na kuanza kutumika mwaka 1968, yana bamba la rangi ya machungwa lenye nambari mbili. Ya chini ni ile ya Umoja wa Mataifa. Ya juu hueleza hatari, nayo, tofauti na nyingine zote tulizozitaja, ina sarufi. Tarakimu 3 ni kimiminika kiwakacho, 6 ni sumu, 7 ni mnururisho, 8 ni kuunguza na kula mwili au chuma. Hatari ikiwa moja tu, sifuri huongezwa: 80. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi: petroli ni 33. Herufi X ikitangulia, maji yamekatazwa: kalisi kabidi, ambayo ikilowa hutoa gesi iwakayo, huweza kuandikwa X423.

Tulipoliona hili mara ya kwanza tulitabasamu, kwa kuwa uradidi ni mali yetu ya zamani. Tunasema mbalimbali, polepole, kilakila, na neno linapata nguvu au wingi. Kuradidi tarakimu ili kuzidisha hatari ni jambo ambalo mtoto wa Kisangani au wa Kalemie angelielewa kwa dakika moja, kama lingeelezwa kwake kwa lugha yake. Nayo X ni kiambishi cha kukanusha, kama usi- yetu katika usimwage.

7. Nambari na sheria; nambari na mwenyewe

Kutoka maktaba nambari ziliingia katika sheria. Marekani ilitunga mwaka 1976 sheria ya kudhibiti dutu za sumu, na orodha ya dutu zilizokuwa sokoni, iliyotolewa mwaka 1979, ilipangwa kwa nambari za Columbus. Jumuiya ya Ulaya nayo ilikusanya dutu zote zilizokuwa sokoni mwake kati ya Januari 1, 1971 na Septemba 18, 1981. Orodha hiyo, iliyochapishwa mwaka 1990, ilikuwa na dutu zaidi ya 100,000, kila moja na nambari ya Ulaya yenye tarakimu saba. Dutu yoyote iliyokuja baada ya tarehe hiyo ilihesabiwa kuwa mpya na ilibidi ichunguzwe kabla ya kuuzwa. Zile za zamani ziliachwa ziendelee. Siku moja ya Septemba ikawa mpaka baina ya kinachoulizwa na kisichoulizwa. Mpaka huo uliondolewa na sheria ya Ulaya ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika Juni 1, 2007, ambayo kwayo mwenye kutengeneza au kuingiza dutu, mpya au ya zamani, ndiye anayepaswa kuleta habari zake.

Linabaki swali la umiliki. Nambari zinazotajwa katika sheria za mataifa ni mali ya chama kimoja cha wasomi wa nchi moja, na matumizi ya rejesta yake nzima hulipiwa. Mwaka 2004 Serikali ya Marekani ilifungua hifadhi ya bure ya habari za molekuli, iitwayo PubChem, na chama hicho kililalamika hadharani mwaka uliofuata. Mwaka 2005 IUPAC ilitoa utambulisho mwingine, InChI, usiotolewa na ofisi yoyote: mtu yeyote mwenye kompyuta huutoa mwenyewe kutokana na muundo wa molekuli, bila ada. Hivyo wakemia wamerudia ndoto ya 1787, ishara inayoeleza kitu, safari hii kwa ajili ya mashine na si kwa ulimi wa mtu.

Kuna pia kinachopotea. Madini ya kasoliti yalipata jina lake kutoka Kasolo, karibu na Shinkolobwe. Likasiti kutoka mgodi wa Likasi. Kolweziti kutoka Kolwezi. Majina hayo yanahifadhi mahali na jasho la watu. Hakuna nambari itakayomkumbusha msomaji wa Tokyo au Berlin kwamba kitu hiki kilitolewa kwanza katika ardhi ya Katanga. Kwa hiyo hatusemi kwamba nambari ichukue nafasi ya jina. Kila kimoja kina kazi yake.

8. Nambari inapokoma

Mwezi wa Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, mkoani Lualaba, lori lililobeba asidi ya salfuriki liligongana na basi na gari jingine. Asidi ikamwagika juu ya watu. Wapatao 20 walikufa, na wengine wakabaki na majeraha ya maisha. Hatudai kwamba nambari ingezuia mgongano. Yanayozuia mgongano ni breki, barabara na mwendo. Lakini kila anayesimama kando ya barabara itokayo Kasumbalesa huona malori ya vimiminika yakipita katikati ya masoko na shule, na anaweza kujiuliza: likipinduka hapa, nani kati ya wachuuzi hawa atajua kwamba 80 maana yake ni kaa mbali, na aliyerukiwa aoshwe papo hapo kwa maji mengi, mfululizo, huku nguo zake zikivuliwa? Nani atajua kwamba 33 maana yake hakuna sigara, hakuna jiko, wala hakuna kwenda na kidumu kuchota?

Nambari imetuondolea kisingizio kimoja. Hatuhitaji kusubiri mpaka Kiswahili kipate majina milioni 200. Hakuna lugha iliyoyapata, wala Kiingereza, wala Kifaransa. Utambulisho wa kitu umekwisha kukabidhiwa nambari, nayo ni ileile Columbus, Bukavu na Beijing. Kilichobaki kwa kila lugha ni kueleza: kitu hiki hufanya nini, kihifadhiwe wapi, kikimwagika mtu atende nini. Kwa kazi hiyo Kiswahili kina vitenzi vyote kinavyohitaji. Kuunguza, kupofusha, kulipuka, kuwaka, kuosha, kukimbia: hakuna hata kimoja cha kuazima.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya kemia yaliundwa upya mwaka 1787 ili yaeleze vitu, yakawekewa kanuni za kimataifa mwaka 1892, na yakazidiwa na wingi wa vitu katika karne ya 20. Tumeona pia kwamba nambari ya Columbus, iliyoanza mwaka 1965, hutambulisha muundo; kwamba ile ya Geneva hutambulisha hatari ya safari; na kwamba ile ya Ulaya ilizaliwa na sheria ya soko. Wala hakuna hata moja iliyo kibali cha usalama.

Tunapendekeza kwa wanafunzi wa lisansi wanaotafuta somo la kazi ya mwisho wa masomo washirikiane na ndugu zao wa kitivo cha sayansi kuandaa kitabu kidogo. Upande mmoja ziwe nambari mia moja za dutu zinazopita zaidi katika barabara na ghala zetu. Upande wa pili ziwe sentensi tatu au nne za Kiswahili kwa kila moja, zilizojaribiwa mbele ya madereva, wachuuzi na wauguzi, na kurekebishwa mpaka zieleweke bila mfasiri. Mtunza ghala wa shule tuliyoitaja mwanzoni hakukosa akili wala bidii. Alipanga chupa kwa uangalifu kadiri alivyoweza kusoma. Kwa muda wa miaka mingi nambari ilikuwa mbele ya macho yake, na hakuna aliyemweleza maana yake. Kumweleza ni kazi yetu.